Bolti ya Nne

Tatu zimetoka.
Ya kwanza kwa spana ya kumi na tatu,
ya pili kwa matusi,
ya tatu baada ya Tsuma kuichoma kwa tochi ya gesi
nami nikaigusisha nta ya mshumaa, ikainywa,
ikalia kama mlango wa stoo, ikaja.

Ya nne imekataa.

Nimelala kifudifudi ndani ya ngama,
shavu limeegemea bomba la moshi,
na maji meusi ya Mbaraki, yenye dizeli na maganda ya vitunguu,
yanilamba kiwiko.
Pampu iko pale ilipowekwa na mtu wa mbali
aliyenichukia kabla sijazaliwa:
nyuma ya jenereta, chini ya mipira miwili,
mahali pa kuona kwa vidole.

Vidole vinaona.
Vinaona chumvi iliyojijengea vyumba,
kutu inayomeguka kama biskuti iliyolowa chai,
kipande cha zinki kilichobaki kama jino la mtoto.
Vinaona kichwa cha bolti kilichokuwa na pembe sita,
na leo ni duara, hakina pa kushikwa,
kama shahidi aliyefunzwa.

Juu, Bi Mwanakombo amesimama na simu mbili.
Kuna meli ya mchele imetia nanga tangu juzi,
mpishi wake ataka kabichi, ndimu, mayai trei arubaini,
na boti ya kuyapeleka ni hii, Tausi,
iliyochemka jana karibu na feri ikarudi ikivutwa.
"Fundi," aniita, "mbona zimeoza hivyo?
Si nililipia zile zisizoshika kutu?"

Simjibu. Naomba nyundo.
Tsuma ananipa nyundo, na mafuta ya breki,
na jicho moja refu.

Miaka sita nyuma, mwezi wa Shaabani,
mumewe hajatimiza arubaini,
alinihesabia noti mkononi. Akasema:
mimi vyuma sivijui, nakujua wewe.
Nikaenda Mwembe Tayari. Nikaziuliza bei.
Nikazipima kiganjani, nzito, zang'ara kama vijiko vya harusi,
nikazirudisha kwenye boksi lake,
nikanunua za chuma zilizopakwa rangi ya fedha.
Chenji ikawa kilo ya nyama na nusu ya halua.
Tulikula tukashiba,
na usiku ule sikuota kitu.

Shaba na chuma, ukivilaza kitanda kimoja
katika maji ya chumvi, havigombani.
Kimoja huliwa polepole, kwa adabu,
na jirani hasikii.
Sikulijua hilo? Nililijua.
Ndilo somo la kwanza nililompa Tsuma,
siku aliponijia na viatu vya shule.

Kulia kidogo. Kushoto. Mafuta. Ngoja.
Kulia kidogo. Kushoto.
Nyundo, si kwa nguvu, kama abishaye hodi
nyumba anayodaiwa.
Kushoto.

Imefyatuka.
Si bolti, kichwa chake.
Kimeniangukia kiganjani kingali na joto,
chepesi kuliko nilivyokinunua.
Shina limebaki ndani ya injini, limenyamaza.

Pampu sasa yaja yenyewe, natoka nayo kifuani.
Twaifungua sitahani. Mapanga ya mpira yalikuwa sita;
mawili hayamo, yamekwenda na maji
kuziba mahali ambapo itabidi nipatafute
mpaka Alasiri, labda mpaka kesho.

Nikamwekea Bi Mwanakombo kile kichwa mkononi.
Nikamwambia ni cha nini, na nani alikitia,
na nyama ilikuwa kilo ngapi.
Halua sikuitaja. Kisha nikaitaja.

Alikigeuza. Alikikuna kwa ukucha,
ukucha ukawa mwekundu.
Akainua simu moja, akamwambia mpishi:
kabichi zitachelewa.
Akaniuliza: "Na hilo shina, walitoa saa ngapi?"
Hakusema jingine, nami sikuthubutu kungoja jingine.

Nikatoa noti zangu mfukoni, zimelowa,
nikampa Tsuma.
Nne, nikamwambia. Zile nzito.
Na risiti umpe yeye,
usinipe mimi.